Kichwa cha Safu ni Kazi Yetu

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba kazi ya mwalimu wa Kiswahili hukomea mlangoni mwa maabara. Humo ndani, wasema, ni nchi ya tarakimu, na tarakimu hazina lugha. Imani hiyo tunaipinga, na tutaipinga kwa kutumia kitu kidogo sana: daftari la kompyuta ambamo mwanafunzi wa kemia huandika jaribio lake la kupima joto.

Daftari hilo la kielektroniki ni majedwali yaliyotayarishwa mapema: safu ya muda, safu ya vipimo, mahali pa uzito wa vitu, mahali pa hesabu. Faida zake hatuzikatai. Huhifadhi tarehe na saa ya kila kipimo, na likitengenezwa vyema halikubali kipimo kifutwe bila kuacha alama, adabu ambayo kifutio cha mpira hakikuwahi kutufunza. Ugomvi wetu ni juu ya nani analitayarisha, na kwa ajili ya mwanafunzi wa wapi.

Tumchukue mwanafunzi wa Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, katika mkoa wa Luapula nchini Zambia. Nyumbani husema Kibemba. Ng'ambo ya maji, Pweto na Kilwa ya Kongo, Kiswahili ndicho lugha ya soko, na wavuvi na wachuuzi wa pande zote mbili hukutana katika maneno hayo. (Jina la Kilwa limo mara mbili katika ziwa hilo, kisiwa upande wa Zambia na mji upande wa Kongo, wala hakuna hata mmoja ulio Kilwa ya pwani yetu.) Mwanafunzi huyu anapewa daftari lililotungwa mbali, na daftari hilo linamdanganya mara mbili: kwanza kwa tarakimu, kisha kwa neno.

Tuanze na tarakimu. Jaribio ni rahisi. Kipande cha shaba cha gramu 50, madini ambayo Zambia na Katanga wanayajua kuliko sisi sote, hufungwa uzi na kutumbukizwa katika maji yanayochemka. Kikiisha kupata moto sawasawa na maji hayo, huhamishwa upesi hadi kwenye kikombe chenye gramu 100 za maji ya digrii 25, kikombe kilichozungushiwa kitu cha kuzuia joto lisitoroke. Maji ya kikombe hupanda, shaba hushuka, na vyote viwili hukutana. Kwa kujua joto ambalo maji yamepata, twajua joto ambalo shaba imetoa, na hivyo twajua ni kiasi gani cha joto kinachotakiwa kuipandisha gramu moja ya shaba kwa digrii moja.

Sasa, katika madaftari mengi kile kisanduku cha mwanzo wa shaba kimekwisha kujazwa: 100. Mtayarishaji ameona amsaidie mtoto. Lakini Ziwa Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na huko kanieneo ya hewa ni ndogo, hata maji huchemka yakifika karibu digrii 97. Ile 100 ni ya Dar es Salaam na Mombasa. Hata Nairobi haimo, maana maji ya Nairobi huchemka karibu na 95.

Tuseme maji ya kikombe yamepanda hadi 28.2. Yamepata jouli 1,338 hivi. Shaba ikihesabiwa kuanzia 97, jibu ni jouli 0.39, sawa na vitabu. Ikihesabiwa kuanzia 100 ya daftari, jibu ni 0.37. Ajabu ni kwamba kosa hilo linafanana mno na kosa la mtu mzembe aliyeliacha joto lipotelee hewani. Mwalimu atasahihisha, atamwandikia mtoto kwamba hakuwa mwepesi wa kuhamisha shaba, na mtoto ataamini. Kumbe mikono yake ilikuwa safi.

Neno ni baya zaidi, na hapa ndipo tunapowageukia walimu wenzetu. Mara kwa mara daftari likitafsiriwa kwa haraka, safu ya vipimo vya kipimajoto huandikwa "Joto", na safu ya jouli nayo huandikwa "Joto". Mambo mawili, jina moja! Kipimajoto hakipimi joto. Chapima halijoto, yaani ile hali ya umoto au ubaridi wa kitu. Joto lenyewe ni nishati, na hutegemea pia wingi wa kitu na namna yake. Birika linalochemka lina halijoto kubwa kuliko Ziwa Mweru lote. Lakini ukitaka kulipoza birika kwa digrii moja utaondoa joto kidogo, na ukitaka kulipoza ziwa kwa digrii moja utachoka wewe na wajukuu wako. Jaribio zima la kupima joto limesimama juu ya tofauti hiyo. Mtoto asiyepewa maneno mawili ataweza kujaza jedwali lote asielewe amepima nini.

Watasema Kiswahili ni maskini. Si kweli. Wazungu nao walichanganya mambo haya hayo kwa muda mrefu, mpaka katika karne ya 18 Joseph Black, aliyefundisha Glasgow, akayatenga waziwazi. Lugha yetu ilikwisha kupewa maneno yake na wanaistilahi, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990. Maneno yapo, wasiofika maabara ni sisi.

Watasema tena kwamba mtihani wa sekondari wa Zambia ni wa Kiingereza. Sawa, na hatutaki Kiingereza kiondolewe. Twataka kila safu iwe na vichwa viwili au vitatu, Kibemba kikiwamo, kwani tangu 2014 Zambia ilianza kufundisha madarasa manne ya kwanza kwa lugha za wenyeji, na mwaka 2019 SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Kompyuta haichoki kuandika mstari wa pili.

Kwa hiyo daftari likiletwa shuleni, mwalimu wa Kiswahili aketi na mwalimu wa kemia kabla ya siku ya jaribio. Kisanduku cha maji yanayochemka kiachwe kitupu, mwanafunzi asome kipimajoto mwenyewe. Hesabu zisijitokeze mpaka vipimo vyote viandikwe. Mistari ya muda itoshe kuandika halijoto kila nusu dakika, kabla na baada ya kuchanganya. Tena jedwali lichapishwe kwenye karatasi pia: mwaka 2024, ukame uliposhusha maji ya Kariba, Wazambia walikaa bila umeme saa nyingi kila siku, na shaba iliyokwisha kutiwa katika maji haingojei umeme urudi.

Lipo pia neno jotoridi, ambalo baadhi ya walimu hulitumia badala ya halijoto. Sisi twashika halijoto, kwa kuwa jotoridi humrudisha mwanafunzi kwenye joto lile lile tunalotaka alitenge. Mwenye hoja ya kulitetea atuletee.