Hundi ya Mfano na Mlango wa Maabara

Hundi ya mfano ilikuwa pana kuliko kifua cha kijana aliyekabidhiwa. Aliishika pembeni ikapinda, akaishika chini ikamfunika uso, hadi mpiga picha akamwambia aishushe kidogo ili nembo ya kliniki ionekane vizuri. Nembo ikaonekana. Soda zikaanza kugawiwa.

Kliniki hiyo ya binafsi, iliyo katika mji mdogo wa wilaya mkoani Morogoro, imeamua kuwafadhili wahitimu watano wa kidato cha sita wanaokwenda kusomea udaktari. Kigezo cha kuwachagua kilikuwa kimoja tu: matokeo ya mtihani. Kinacholipwa ni ada ya mwaka wa kwanza. Baada ya hapo hakuna anayemdai mwenzake. Mwanafunzi hatakiwi kurudi, na kliniki haina wajibu wa kumkumbuka. Mgeni rasmi aliuita mpango huo uwekezaji katika afya ya wilaya. Anayewekeza huuliza atavuna lini na wapi, na siku ile hakuna aliyeuliza. Lililofanyika pale ni tangazo la biashara lililovishwa joho.

Mita chache kutoka kwenye maturubai ya sherehe kuna mlango wa maabara ya kliniki hiyohiyo, na juu yake imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: vipimo ni Jumatatu na Alhamisi. Mteknolojia wa maabara hana makazi hapo, huja kwa basi kutoka mjini mara mbili kwa wiki. Mgonjwa wa Jumanne anasubiri, au anatibiwa kwa kukisia.

Wapo watakaosema fedha ni za kliniki na mwenye mali hapangiwi. Sawa. Wapo watakaosema msaada ni msaada, na mzazi aliyekuwa anatafuta mnunuzi wa shamba lake hana muda wa kupima nia ya mfadhili. Nalo ni kweli, na mzazi huyo halaumiwi hapa.

Lakini tazama fedha imekwenda kwa nani. Shahada ya udaktari ni miaka mitano, ukiongeza mwaka mmoja wa utarajali. Kijana aliyefaulu masomo ya sayansi kwa alama za juu kabisa ana milango mingine ya kubisha: Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu 2022/23 upo pia Ufadhili wa Samia kwa wanaoongoza katika sayansi. Binti anayetaka stashahada ya utabibu, uuguzi au maabara amesubiri sana. Mikopo ya stashahada za afya kutoka Bodi hiyo ilianza kutolewa 2023/24 tu, tena kwa fani zilizopewa kipaumbele.

Na ni binti huyo anayeshika zahanati. Anayejua zahanati ya kijijini anajua kazi yake ilivyo: asubuhi tabibu anaona wagonjwa, adhuhuri anahesabu vidonge vya dawa mseto, jioni anajaza vitabu vya takwimu za afya, MTUHA, naye muuguzi yuko barazani na akina mama, mizani ya watoto ikining'inia kwenye kenchi. Mmoja wao akiitwa wilayani, nusu ya huduma inasimama. Wakienda wote, kufuli inaning'inia mlangoni. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Wananchi walichanga, wakasomba mawe na mchanga, majengo yakasimama. Watu wa kukaa ndani yake ndio waliokuwa wagumu kupatikana.

Ajabu ni kwamba madaktari hawakukosekana. Machi 2017, madaktari wa Kenya wakiwa wametoka kwenye mgomo wa siku mia moja, Rais Magufuli alikubali kuwapelekea majirani madaktari 500. Madaktari wa Kenya walikwenda mahakamani kupinga, safari ikakwama, na Rais akaagiza 258 waliokuwa wameomba na kukidhi vigezo waajiriwe nyumbani. Mamia ya madaktari waliokwisha kufuzu walikuwa wamekaa bila ajira katika nchi ambayo zahanati zake zinafungwa kwa kukosa mtu. Kwa hiyo kumlipia ada daktari wa 259, kisha kumwacha njia panda, hakumponyi mgonjwa hata mmoja wa wilaya hiyo.

Kinachokosekana ni kumfunga mtu na mahali, na hapo kliniki ndogo ina uwezo ambao Bodi ya Mikopo haina. Ina mahali.

Hospitali ya Mosvold, iliyoko Ingwavuma kaskazini mwa KwaZulu-Natal, karibu na mipaka ya Eswatini na Msumbiji, iliwahi kukabiliwa na tatizo hilihili. Madaktari walikuja na kuondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 daktari wa hospitali hiyo, Andrew Ross, na wenzake walianzisha ufadhili kwa vijana wa eneo lile lile. Mwombaji sharti awe mwenyeji na achaguliwe na kamati ya watu wa hapo. Likizo anakwenda kufanya kazi hospitalini, anawajua wauguzi kwa majina nao wanamjua. Akihitimu, kila mwaka aliolipiwa anaulipa kwa mwaka wa kazi. Kulikuwa na nafasi za ufamasia, fiziotherapia na maabara pia, wala si udaktari peke yake. Kilichoanza na vijana wachache kimekua kuwa taasisi ya Umthombo, na wahitimu wake leo wanahesabiwa kwa mamia.

Uzito wote wa mpango ule uko kwenye likizo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetumwa kufuata mafaili na kushika taa wakati mshono unafungwa hujifunza mambo mawili ambayo hundi haiwezi kumfundisha: kazi ya mahali pale, na kwamba mahali pale panamngoja. Japani ilifanya jambo linalofanana na hilo mwaka 1972 ilipofungua Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi. Mikoa huwalipia vijana wao, nao hutumikia mikoani kwa miaka tisa hivi, la sivyo wanarudisha fedha. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miongozo yake ya 2010 iliyorejewa 2021, linashauri vyuo vichague vijana waliozaliwa vijijini na ufadhili uambatane na mkataba wa kurudi kutumikia.

Ukiyasema haya utaambiwa mkataba ni utumwa. Utumwa! Anayekopa benki kununua bodaboda anasaini kurasa ambazo hajazisoma, na hakuna anayelia utumwa. Ila kijana akilipiwa miaka mitatu ya chuo, kisha akaombwa miaka mitatu ya kazi yenye mshahara karibu na kwao, ghafla tunakumbuka haki za binadamu. Wanaolalamika hivyo mara nyingi ni wale ambao mtoto wao akiugua hupanda gari kwenda Muhimbili.

Ada iliyolipwa kwa madaktari watano watarajiwa kwa mwaka mmoja ingetosha kumtoa mteknolojia wa maabara mmoja au wawili hadi stashahada. Binti wa mji huohuo, anayelala kwao wakati wa likizo na kushinda kwenye maabara ileile, akijifunza kupaka damu kwenye kioo na kusaka vijidudu vya malaria kwa darubini. Baada ya miaka mitatu angebaki hapo.

Wiki moja baada ya sherehe, picha ya hundi ilikuwa imetundikwa mapokezi, ndani ya fremu yenye kioo. Mlango wa maabara ulikuwa umefungwa. Ilikuwa Jumanne.