Final Fantasy X-2: saa kumi za kwanza, na asilimia zinazonifukuza

Wiki mbili hizi nimekuwa kimya kwa sababu moja tu: nimeshikwa na gemu. Wala si gemu mpya. Final Fantasy X-2 ilitoka Japani mwaka 2003 kwenye PlayStation 2, baadaye ikasafishwa picha, na toleo la kompyuta likafika 2016. Mimi nimeipata mwaka huu. Niliishusha Malindi mjini kwa binamu yangu mwenye intaneti ya maana, nikarudi nayo Jilore kwenye diski ya mkononi. Kwa bando la simu ningemaliza mshahara.

Ile ya kwanza, Final Fantasy X ya 2001, niliionja nikiwa mtoto kwenye kibanda cha gemu, wakati ule wa kulipa kwa dakika. Ilikuwa adhabu. Gemu ile ni safari moja ndefu iliyonyooka: Yuna, binti mwenye uwezo wa kuita viumbe vya ajabu, anakwenda Zanarkand kutoa uhai wake ili dude liitwalo Sin litulie kwa muda. Huchagui njia. Dakika zako zinaisha katikati ya maongezi, na kesho ukirudi unakuta mtu ameandika juu ya safari yako kwenye memori kadi. Nilikuja kuimaliza nikiwa chuo, na nilitokwa na machozi, sioni haya kusema.

(Kama hujaimaliza ile ya kwanza, ishia hapa. Nimekuonya.)

X-2 inaanza miaka miwili baadaye. Sin hayupo tena, Tidus ametoweka, na Yuna ameona picha za kijana anayefanana naye amefungwa jela. Basi amekata nywele, ameshika bastola mbili, anazunguka na Rikku na Paine kwa meli ya angani wakitafuta picha za kale. Kitu cha kwanza unachoona ni tamasha la muziki. Mimi nilikasirika. Nikajiuliza, huyu ndiye yule aliyekuwa anakwenda kufa? Nikazima, nikaenda kuangalia mbuzi.

Usiku nikawasha tena, na ndipo nikaanza kuielewa. Safari iliyonyooka imeondolewa. Toka mwanzo una ramani ya dunia nzima, unachagua pa kwenda, na kila mahali pana misheni ndogo. Wakka anangoja mtoto wake wa kwanza na hajui baba anatakiwa aweje. O'aka, yule mchuuzi wetu wa zamani, anawakimbia watu wanaomdai gil 100,000. Kuna watu wa kupatanisha, kuna mapango ya kusafisha. Mambo madogo madogo tu, na nadhani ndivyo inavyotakiwa. Balaa kubwa likishaondoka, watu wanabaki na madeni yao, na watoto, na ugomvi wa nani aongoze. Nani angetaka safari nyingine ya kufa? Tena misheni hizi ni fupi, zingetufaa sana sisi wa kulipa kwa dakika.

Mapigano ni matamu kuliko ya kwanza. Kule adui alikusubiri ufikiri, huku hasubiri mtu. Na katikati ya vita unabadilisha vazi, na ukibadilisha vazi umebadilisha kazi: mwizi anakuwa mpiganaji wa upanga, mpiganaji anakuwa mwimbaji. Sisi waandika programu tunajua raha ya kitu kinachobadili tabia kikiwa bado kinakimbia, bila kuzima na kuwasha.

Lakini Zanarkand imenigusa pabaya. Pale mahali patakatifu pa ile gemu ya kwanza, pale tulipolia, pamefanywa pa utalii. Isaaru, ambaye naye alikuwa mhujaji kama Yuna, sasa anaongoza wageni. Na kuna tumbili! Nilicheka mpaka nikaamsha watu. Ukivuka msitu wa Arabuko-Sokoke kutoka kwetu unafika Gede, magofu ya mji wetu wa kale, yaliyoanza kuchimbuliwa na James Kirkman mwaka 1948 na kuingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Pale pia kuna tiketi, kuna waongozaji, kuna kima wanaongoja ndizi. Nyanya yangu alitukataza kupayuka ndani ya magofu yale, alisema pana wenyewe. Yuna akisimama kuwatazama wale watalii, uso wake naujua. Lakini waongozaji wa Gede pia nawajua, na ada za shule za watoto wao zinatoka pale. Gemu haikunipa jibu rahisi, nami nimeipenda kwa hilo.

Sasa lalamiko langu. Gemu hii inahesabu. Kila unachofanya kinaongeza sehemu ya asilimia, na mwisho ulio kamili unaupata kwa asilimia 100. Kuna mzee anaitwa Maechen, bingwa wa historia ndefu. Anaongea, anaongea, na unaweza kumkatiza ukitaka. Ukimkatiza, asilimia yake imekwenda. Kwenye ile ya kwanza nilimsikiliza kwa kuwa ni mzee na ana neno. Safari hii nilijikuta nimeweka simu mkononi huku yeye anasema, nangoja amalize nihesabiwe. Sikumbuki hata alisema nini.

Hapo nikajiona mwenyewe. Mwaka jana niliandika programu ya simu kwa watu wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba kuulizia afya, maeneo ya huku kwetu. Nikaweka mstari wa kijani juu ya skrini: umefikia asilimia 40, asilimia 60. Niliona ni jambo zuri, watu watapata moyo. Shangazi yangu ni mmoja wao. Mwezi uliopita aliniambia, "Mwanangu, ule mstari wako unanifukuza. Mzee akianza kunieleza mguu wake, mimi naangalia mstari." Nikamjibu kitaalamu, kwamba takwimu zinaonyesha nyumba zinazotembelewa zimeongezeka. Na kweli zimeongezeka. Yeye akanyamaza, akaendelea kukuna nazi.

Mtengenezaji wa gemu ana udhuru, anataka uone kazi yote aliyoifanya. Lakini angeweza kuzificha zile namba mpaka mwisho, dunia yake ina utamu wa kutosha kunivuta bila fimbo. Mimi sina udhuru. Mgonjwa wa mguu si misheni.

Kwa hiyo gemu naipa pongezi, tena kubwa, na nitaendelea nayo bila mwongozo, bila kutafuta 100. O'aka nitamlipia deni kwa sababu namhurumia. Niko sura ya pili, asilimia 19, na laiti nisingejua.

Ule mstari wa kijani nimeutoa jana usiku, mistari sita tu ya programu. Bado sijamwambia mteja. Jumatatu nitampigia.