Neno la Mhariri: Vali Inayovuja na Moyo Ulioshindwa

Mashariki mwa Kongo daktari huandika kwa Kifaransa na mgonjwa hujieleza kwa Kiswahili, na katika safari hiyo fupi kati ya lugha mbili maneno mawili yanayofanana huchanganywa kwa hasara kubwa. La kwanza ni insufisansi ya vali, yaani hali ya vali ya moyo kutofunga sawasawa hata sehemu ya damu ikarudi ilikotoka. La pili ni insufisansi ya moyo, yaani hali ya moyo wenyewe kushindwa kusukuma damu kwa kadiri mwili unavyohitaji. Familia ya Mweso iliyosikia neno la kwanza likitajwa juu ya mtoto wake, huku ikikumbuka jirani aliyefariki kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi naye akatajiwa "insufisansi", ina kila sababu ya kuamini kwamba mtoto amekwisha kuhukumiwa. Toleo hili limeandaliwa kwa imani kwamba mara nyingi hukumu hiyo si ya kweli, na kwamba kulieleza neno la kwanza kwa ukamilifu ni sehemu ya tiba yenyewe.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika, na vali zake nne hufunguka na kufunga mara 100,000 hivi kwa siku ili damu iende upande mmoja tu. Inayoharibika zaidi katika eneo hili ni vali ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na chumba cha chini cha upande wa kushoto. Ina vipande viwili vyembamba vilivyoshikiliwa na nyuzi zinazotoka kwenye misuli ya chumba cha chini, na chumba hicho kinapojikaza vipande hukutana huku nyuzi zikivizuia visipinduke kwenda juu. Vipande vikikakamaa na kufupika, au uzi ukirefuka au kukatika, au chumba kikitanuka hata vipande visifikiane, damu hurudi nyuma kuelekea mapafuni, na kurudi huko ndiko madaktari wanakokuita regurjitasioni. Muuguzi mwenye sikio lililozoea huweza kuitambua kabla ya mashine yoyote: akiweka stetoskopu chini ya titi la kushoto husikia, badala ya mapigo mawili yaliyo safi, mvumo unaojaza nafasi yote kati ya pigo la kwanza na la pili na kusafiri hadi kwapani. Vali ya aorta ikivuja, mvumo husikika kandokando ya mfupa wa kifua, tena wakati moyo unapolegea.

Mvujo una daraja, na hapa ndipo maelezo mengi hukatishwa mapema mno. Kipimo cha eko, kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, hukuta mivujo midogo katika watu wengi wenye afya kamili, hasa kwenye vali za upande wa kulia, na mivujo hiyo haihitaji dawa wala hofu. Mvujo wa wastani huweza kubebwa miaka mingi bila dalili. Ulio mkali ndio unaotanua chumba cha moyo, ukaleta uchovu, kikohozi cha usiku na pumzi fupi mgonjwa anapolala chali, na hatimaye ukamfikisha kwenye ile insufisansi ya pili. Kwa hiyo jina la ugonjwa lisilotaja ni vali ipi, inavuja kwa kiasi gani na kwa sababu gani halijakamilika.

Sababu ndiyo yenye uzito zaidi kwa wasomaji wa Masisi na Walikale. Ulaya vali huvuja zaidi kwa uzee. Hapa, kwa watoto na vijana, mshukiwa wa kwanza ni homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokokasi wiki mbili au tatu baadaye, pale kinga ya mwili inapokosea shabaha na kushambulia viungo na vali. Bakteria huyo hustawi penye msongamano, na kambi za waliokimbia vita ni msongamano mtupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 juu ya wanafunzi wa Kinshasa ulikuta takriban 14 kati ya kila 1,000 wakiwa na ugonjwa wa moyo unaotokana na homa hii.

Wapo wanaouliza kuna faida gani kuutaja ugonjwa mahali pasipo na upasuaji wa vali, ilhali Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago ziko mbali, na barabara ya Kitchanga na Sake kwenda Goma imekuwa uwanja wa vita. Jibu limetoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, ambako watoto 818 wenye dalili za awali zilizoonekana kwa eko tu walifuatiliwa kwa miaka miwili: kati ya waliodungwa penisilini ya benzatini kila baada ya wiki 4, asilimia 0.8 walizidiwa, na kati ya wasiodungwa asilimia 8.2. Sindano hiyo haizibi vali iliyokwisha kuharibika, na ni kosa kuiahidi familia hivyo. Huzuia shambulio jingine lisiongeze uharibifu. Nayo ni dawa ya zamani, ya unga usiohitaji jokofu, inayouma paja kwa siku nzima, na inayotakiwa kwa miaka, mara nyingi 10 au zaidi. Hakuna mama atakayempeleka mtoto anayecheza vizuri akachomwe sindano chungu kila mwezi ikiwa ameambiwa tu kwamba moyo "una insufisansi".

Basi ombi la toleo hili kwa vituo vya afya ni dogo. Kadi ya mtoto iandikwe kwa Kiswahili: vali gani, mvujo wa daraja gani, chanzo chake, na tarehe ya sindano ijayo, ili familia ikilazimika kuhama usiku, muuguzi wa Kalembe au Pinga asiyewafahamu kabisa aisome na kuendelea pale mwenzake wa Mweso alipoishia.