Kati ya Golf GTI na Golf R, chukua GTI

Mabishano ya wapenzi wa Volkswagen Golf, iwe Nairobi au Dar es Salaam, hufika mahali pamoja: mtu akishapata fedha za kuagiza Golf ya mbio, anunue GTI au ajikaze afike kwenye R? Wengi hujibu kabla swali halijaisha. R ina nguvu zaidi, magurudumu yake yote manne yanavuta, na ile herufi moja nyuma ya gari inawageuza shingo vijana wa gereji. Mimi nashikilia jibu la upande wa pili. Kwa barabara tulizo nazo, na kwa namna magari haya yanavyotufikia yakiwa yameshatumika miaka kadhaa kwa watu wengine, GTI ndiyo inayompa mnunuzi thamani ya fedha yake, hasa ile iliyofungwa vifaa vya Performance.

Tuchukue toleo la saba, lililoingia sokoni mwaka 2013 kwa magari haya mawili na kufanyiwa marekebisho mwaka 2017. Injini zao ni za ukoo mmoja: silinda nne, tabo, ujazo wa sentimita za ujazo 1,984. GTI ya mwanzo ilitoa nguvu farasi 220, au 230 ikiwa na vifaa vya Performance. R ilitoa 300, kwa tabo kubwa zaidi na pistoni tofauti. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, GTI inahitaji sekunde 6 na nusu hivi, R inahitaji 5. Hizo ni takwimu za Ulaya. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na R zilizouzwa kule kabla ya marekebisho zilipunguzwa nguvu hadi 280, kama zile zilizopelekwa Australia na Afrika Kusini. Kwa hiyo anayejisifu kwamba ana farasi 300 huenda ameagiza 280, na pengo analolilipia ni la farasi 60, kwenye gari lenye uzito wa karibu kilo 100 zaidi. Ushuru nao haumwonei huruma. Ujazo wa injini ukiwa mmoja, yote mawili huangukia daraja lilelile la ushuru wa bidhaa, lakini asilimia hukokotolewa juu ya thamani ya gari, hivyo kila shilingi ambayo R inaizidi GTI hutozwa kodi juu yake.

Sasa hiyo sekunde moja na nusu itatumika wapi? Barabara ya mwendokasi ya Nairobi, ile ya kulipia yenye kilomita 27, imewekewa ukomo wa kilomita 80 kwa saa. Tanzania, kila kijiji kilicho kando ya barabara kuu kina kibao cha 50, na dereva yeyote wa safari ndefu anajua maana ya kupigwa tochi na trafiki aliyejibanza nyuma ya mti. Kati ya vibao hivyo kuna matuta, na kati ya matuta kuna malori. Ndani ya mipaka hii GTI haifiki nusu ya uwezo wake. R haifiki hata theluthi. Gari la mbio huleta raha pale dereva anapolitumia karibu na ukingo wa uwezo wake, akausikia usukani ukikaza na tairi zikianza kulalamika. Ukingo wa GTI uko chini kidogo, kwa hiyo unaweza kuonjwa kwenye kona za kawaida bila kuvunja sheria wala kumtia mtu hatarini. Ukingo wa R uko kwenye mwendo ambao barabara ya umma haina nafasi nao.

Wanaotetea R wana hoja moja nzito, nayo ni mvua. Lami ikilowa, magurudumu mawili ya mbele yakibebeshwa farasi 230 huteleza unapokanyaga mafuta kwa pupa, wakati R inashika na kuondoka. Hilo ni kweli, na mtu anayepanda na kushuka milima ya Limuru kila siku kwenye ukungu na manyunyu ana haki ya kulipima. Lakini hoja hii huvutwa mbali kuliko inavyostahili. Kuvuta kwa magurudumu manne kunasaidia kuondoka, hakusaidii kusimama. Kwenye breki kila gari hutumia magurudumu yote manne, na kinachoamua ni tairi. R yenye tairi zilizokauka za miaka 7, zilizokuja nayo kutoka Japani, itakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama kuliko GTI yenye tairi mpya. Tena wapo wanaodhani R itawapeleka shamba wakati wa masika. R imeshushwa milimita 20 kuliko Golf ya kawaida, GTI milimita 15. Kwenye matope, gari hugusa chini kabla mfumo wake wa kuvuta haujapata kazi. Ukitaka gari la matope, Volkswagen yenyewe inatengeneza Tiguan.

Uzito wa hoja yangu uko kwenye matunzo. Nguvu ya R hufika magurudumu ya nyuma kupitia propela na klachi ya sahani nyingi iliyo karibu na difu, mfumo wa Haldex. Klachi hiyo ina mafuta yake yanayotakiwa kubadilishwa kila miaka 3, na pampu ndogo yenye kichujio kinachoziba kwa vumbi la sahani zinazolika. Pampu ikiziba, mara nyingi dashibodi haiwashi taa yoyote; gari linageuka kimyakimya kuwa la kuvuta mbele, na mwenyewe anaendelea kusimulia habari za magurudumu manne. Mara ngapi mafuta hayo yalibadilishwa kabla gari halijapanda meli? Karatasi za mnada hazisemi. Gereji nyingi hubadilisha mafuta ya Haldex bila kufungua pampu na kusafisha kichujio, yaani hufanya nusu ya kazi kwa bei kamili. Magari haya mawili yana maradhi yao ya pamoja pia: nyumba ya plastiki ya themostati na pampu ya maji huvuja, na giaboksi ya DSG ya gia sita hudai mafuta mapya kila kilomita 60,000. Mnunuzi wa GTI anabeba mzigo huo tu. Wa R anaubeba, kisha anaongezewa wa nyuma, na buti inapungua kutoka lita 380 hadi 343 kwa sababu mitambo imechukua nafasi.

Kuna pingamizi jingine, na hili linawagusa wanaokubaliana nami. Baadhi yao husema nunua GTI, kisha ubadilishiwe programu ya injini hadi ikaribie R. Hapana. Magurudumu ya mbele yana kikomo, na nguvu za farasi 300 zikipitia hapo zinageuka moshi wa tairi na usukani unaovuta kwa mabavu. Anayetaka nguvu hizo kwa dhati, kwa mfano mshiriki wa mashindano ya kupanda mlima kwa kupimwa muda, anunue R na kuitunza inavyotakiwa. Huyo amepata matumizi yake. Wengine hudai kwamba Nairobi, kwa kuwa iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, inahitaji injini yenye nguvu zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Zote mbili zina tabo, na tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Hoja ya kuuza tena nayo inakata pande mbili: R ni adimu, ila wanaoweza kuinunua na kuihudumia ni wachache, na wao ndio wanaojua kuuliza kuhusu Haldex.

Kinachonivutia kwenye GTI ya Performance ni kwamba wahandisi walikwishaamua ni sehemu gani za R zinazomfaa dereva wa barabarani. Waliipa breki za mbele za milimita 340, zilezile za R, kisha wakaiongezea difu yake ya mbele inayoongozwa kwa umeme ambayo hupeleka nguvu kwenye gurudumu la nje ya kona badala ya kuiacha ipotee kwenye lile linaloelea. Kilichobaki kwa R ni sekunde za kuondokea kwenye taa. Kwa hiyo unapokagua gari, chungulia kati ya spoku za rimu: kaliperi nyekundu zilizoandikwa GTI ndizo za Performance kwenye toleo hili. Dai kumbukumbu za mafuta ya giaboksi, angalia kama kuna alama za maji yaliyovuja upande wa themostati, soma mwaka ulioandikwa ubavuni mwa tairi. Tofauti ya bei uliyoibakiza, anza kwa kununua tairi nne nzuri.