Msitu Si wa Ofisi, Wala Si wa Wauza Makala

Katika Fizi na Baraka, kila watu wanapozungumza juu ya misitu, maneno mawili yanasikika. La kwanza ni la wakubwa wa ofisini: eti mwanakijiji ndiye adui wa msitu, basi atoke. La pili linatoka kinywani mwa watu wa kwetu: eti msitu ni wa mababu, basi kila mtu akate anavyotaka. Sisi tunayakataa yote mawili.

Tuanze na lile la wakubwa. Mwaka 1970 serikali iliunda Mbuga ya Kahuzi-Biega, na mwaka 1975 ikaipanua mpaka kilometa za mraba 6,000. Watwa wakafukuzwa katika msitu wao. Je, amani ilipatikana? Hapana. Kufikia miaka ya 2020 ugomvi ulikuwa haujaisha, na damu ilikwisha kumwagika.

Mwaka 2006 waziri akatia sahihi mjini Kinshasa, akaunda Hifadhi ya Itombwe, inayogusa Mwenga, Uvira na Fizi yetu. Wenyeji hawakuulizwa. Watu wakanung'unika, na hifadhi ikabaki ya karatasi. Ikaomba mashirika, machefu na wanakijiji wakae chini, kijiji kwa kijiji, waonyeshe mashamba na mahali pa kuwinda. Mwaka 2016 jimbo likaweka mipaka inayoeleweka: kilometa za mraba 5,732, huku sehemu isiyoguswa, huku sehemu watu wanamolima na kuvuna. Miaka 10 ilipita juu ya kukosa kuuliza swali moja tu: hapa ni kwa nani?

Sasa lile la pili. Wanaosema mababu walikata ovyo, wanawasingizia marehemu. Kila ukoo ulikuwa na kilima chake na mto wake, na mgeni hakuingia kuwinda bila kuongea na wazee. Meno ya chui hayakuvaliwa na kila mtu. Yalikuwa ya wenye vyeo katika Bwami. Kwa ndugu zetu Warega, kakakuona aliheshimiwa kama mwalimu aliyeonyesha watu kuezeka nyumba kwa majani, na kumuua lilikuwa kosa kubwa. Kumbe kukataza na kupima si mambo ya Wazungu. Ni mila yetu kabisa. Anayetaja mababu huku akiuza kilima kizima kwa mwenye msumeno, huyo hatetei mila, anaiuza.

Na hasara tunaiona. Magunia ya makala yanashuka barabarani kila siku. Dhahabu ya Misisi imevuta watu wengi, na watu wengi wanataka mbao na kuni. Kambi ya Lusenda nayo ilileta maelfu ya ndugu zetu Warundi, ambao nao walipaswa kupika. Hatumlaumu mama wa Baraka anayenunua makala; atapikia nini bukari? Tunamlaumu mwenye madaraka anayepokea kodi ya makala bila kupandisha hata mti mmoja.

Kuna msomaji atasema: misitu yetu ni mikubwa, haiishi. Mwaka 2007 wataalamu walipanda safu ya Misotshi-Kabogo, kusini mwa Fizi, wakakuta aina 6 za wanyama ambazo sayansi ilikuwa haijazijua: popo, panya, vyura na wengine. Vitu ambavyo dunia haijavipa hata jina vinaweza kuchomwa kwa msimu mmoja wa kiangazi.

Basi tufanye nini? Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya serikali, ikaahidi kwamba haki za wenyeji zitapangwa baadaye. Ikapita zaidi ya miaka 40 bila ahadi hiyo kutimizwa. Lakini Sheria ya Misitu ya 2002 ilifungua mlango, na amri ya 2014 ikauweka wazi: jamii inaweza kuomba msitu wake wa mila, mpaka hekta 50,000, bila kuununua, na kwa muda usio na mwisho. Inaomba ramani, mkutano wa kijiji, na kanuni za kutumia msitu. Kanuni hizo wazee wetu wanazo tayari. Zimekosa mwandishi tu.

Kwa hiyo machefu wa Tanganika, Mutambala, Lulenge na Ngandja waache kugawa vilima usiku. Waite wazee, wanawake, vijana na Wambuti, wachore mipaka mchana mbele ya wote. Sisi tuliosoma tuandike. Tusipoandika sisi, ataandika mwingine, na jina letu halitakuwamo. Na siku watoto watakapotaka kuingia butende, tutawapeleka kwenye pori gani?