Santuri Haina Upande Mmoja

Upo mtindo wa uhakiki uliozoeleka katika idara zetu. Mwanafunzi husikiliza wimbo wa dansi, akanakili maneno yake, akazima kinanda, kisha akayakata maneno hayo mapande mawili: fani huku, maudhui kule. Mwishowe hututangazia kwamba dhamira kuu ni mapenzi, nasi tukampa alama. Nadai kwamba huo si uhakiki wa wimbo bali wa karatasi.

Tuchukue "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 baada ya wanamuziki kadhaa kujitenga na Simba Wanyika. Kwenye karatasi tunakuta lalamiko fupi la mtu anayekana kosa: kila mmoja ana wake nyumbani, basi chuki inatoka wapi? Mhakiki wa karatasi atanung'unika kwamba maneno ni haba na yanajirudia. Lakini besi ya Tom Malanga nayo hujirudia, tena kwa ukaidi, huku gita la Omar Shabani likijibizana nayo. Na msemaji anayedai hana kosa huzungushwa ndani ya duara lisilo mlango. Anayekana mara moja huenda akaaminika. Anayekana tena na tena juu ya besi ile hututia shaka. Takriri tuliyoihesabu kuwa udhaifu ndiyo hoja yenyewe ya wimbo.

Isitoshe, santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika chache tu kila upande. Kwa hiyo nyimbo nyingi za Nairobi za miaka ya 1970 zilikatwa kuwa Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2: kisa upande mmoja, sebene upande wa pili. Msikilizaji alilazimika kuinuka na kuigeuza. Tunazo istilahi za kila bahari ya ushairi. Mbona hatuna hata moja ya kimya kile cha katikati?

Mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko haukutusaidia. Wa kwanza walidai vina na mizani; wa pili, tangu *Kichomi* cha Kezilahabi (1974), walilitetea shairi huru, lakini lililochapishwa. Mwimbaji aliachwa nje na kambi zote mbili.

Wapo watakaosema kwamba hawa ni wageni: ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, Samba Mapangala alitoka Kongo. Naam, na Kiswahili chao ndicho kilichochezwa Kawangware na Kangemi, mitaa ambayo wasomi hawachoki kuilaumu kwa kuboronga lugha. (Sijamsikia hata mmoja wao akieleza jinsi waborongaji hao walivyozifahamu nyimbo hizo.)

Mwaka 1968, katika chuo kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai fasihi simulizi iwekwe kitovuni mwa masomo. Kutoka bewa kuu hadi mtaa wa Tom Mboya, ambako santuri ziliuzwa kwa miongo mingi, ni mwendo mfupi wa miguu. Bado hatujautembea. John Ngereza, sauti ya Les Wanyika, alifariki mwaka 1999. Santuri nazo zinachakaa. Kwa upande wangu, mwanafunzi atakayeniletea maneno matupu yaliyonakiliwa nitamrudishia kazi yake, akaigeuze santuri kwanza.