Ukurasa wa Tisa

Nimefanya kazi ya ualimu miaka thelathini na tisa, ile ya mwisho katika chuo cha ualimu, na sikupata kumwona mtungaji wa mtihani aliyeficha maagizo nyuma ya karatasi, kisha akawanyima wanafunzi alama kwa kutoyafuata. Kampuni za bima hufanya hivyo kila siku, nasi tumezoea kuiita biashara.

Mwaka 2008 nilikuwa na gari dogo nililolikatia bima kubwa. Wakala aliyenifuata ofisini alinieleza kwa Kiswahili kitamu yote yanayolipwa: wizi, moto, ajali, hata kioo kikivunjika. "Sahihi hapa tu, Mwalimu." Hati yenyewe ilikuja baadaye kwa Kiingereza, kurasa kumi na moja za herufi ndogo za kuumiza macho. Niliitia kabatini. Naam, sikuisoma, kosa hilo ni langu na simsingizii mtu.

Mwezi wa Agosti jirani yetu alifiwa kijijini kwao. Nilichukua watu wanne twende mazikoni. Njiani, kama ilivyo desturi yetu, walichanga fedha kidogo za petroli wakanipa. Kwenye kona moja ya barabara ya vumbi gari liliteleza, likapinduka. Namshukuru Mungu, sote tulitoka na michubuko tu. Gari ndilo halikufaa tena.

Mkaguzi wa kampuni aliniuliza mengi, kisha, kama mtu anayepiga soga, akauliza, "Hao abiria walikuchangia chochote?" Nikajibu ndiyo. Ningesemaje hapana, mimi niliyewatoa vijana katika chumba cha mtihani kwa udanganyifu? Baada ya majuma matatu ikaja barua: ukurasa wa tisa unasema gari la binafsi halina bima likibeba watu kwa malipo. Madai yamekataliwa.

Wenye bima watasema kwamba bila mipaka ada ingepanda. Hilo nalikubali. Anayebeba abiria kutwa yumo hatarini kuliko mwalimu aendaye kazini na kurudi, na ni haki alipe zaidi. Hasara ya vita, tairi lililochakaa, gari lililochomwa makusudi na mwenyewe: nani anataka kuyachangia hayo? Ugomvi wangu ni juu ya mahali mipaka hiyo ilipowekwa, lugha iliyoandikiwa, na jinsi inavyovutwa kama mpira baada ya ajali. Shilingi za petroli za watu waendao kuzika ni nauli? Siku ile mimi nilikuwa dereva wa teksi?

Huko Uingereza, ulikotoka mtindo wa hati zetu, shauri linalofanana na langu lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1953. Gari la watu watano lilipata ajali likiwa na sita. Kampuni ikakataa kulipa, ikitaja kifungu cha kuzidisha mzigo. Majaji wakaona kwamba neno "mzigo" halikuwa wazi kuwa linawahusu abiria, na utata wa maneno humwangukia aliyeyaandika. Kampuni ikashindwa. Tena, anayedai kwamba kifungu fulani kinamwondolea wajibu wa kulipa ndiye anayepaswa kukithibitisha. Wanasheria wa bima wanayajua haya vizuri sana. Mimi niliyajua gari langu likiwa limekwisha kuuzwa chuma chakavu.

Sheria ya Bima ya mwaka 2009 imetuwekea Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ni jambo jema, ingawa kwangu lilichelewa. Lakini mtu humwendea Msuluhishi akiwa amekwisha kuumia. Mimi nadai jambo la kabla ya hapo: wakala asipokee hata senti mpaka amemsomea mteja kwa sauti, kwa Kiswahili, yale yasiyolipwa, na mteja atie sahihi chini ya hayo, siyo chini ya ahadi. Ni kazi ya nusu saa.

Mwaka jana kijana mmoja wa bima, mwenye adabu zake, alinijia nyumbani na mkoba. Nilimkaribisha chai, nikamwomba aanze na yasiyolipwa. Alipekua hati yake kitambo, akapita ukurasa huu na ule, mwishowe akaniambia, "Shikamoo tena, Mwalimu. Kusema kweli, hata mimi sijaisoma yote."